Uzi wa Kwenda Sidney

Kwenye ramani ya Maicol, ile ya ukutani,
nilinyoosha uzi mweupe
toka Santiago hadi Sidney.
Ukaikata Pasifiki katikati kama mkasi mpya:
maji matupu, na visiwa kama chembe za chumvi.
"Siyo hivyo, bibi."
Akaniletea tufe la plastiki, lina ufa hapo Brazili.
"Vuta tena. Kaza."
Nikakaza. Uzi ukateleza wenyewe kusini,
ukashuka, ukashuka,
ukaenda kulala jirani na barafu.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na nane huu,
nyuma ya stesheni ya Rancagua.
Najua kitambaa kilichonyooka mezani
hakinyooki begani.
Sikuhitaji kuelezwa mara mbili:
dunia nayo ina mabega.

Kilomita elfu kumi na moja, mia tatu na ushei.
Futi kamba yangu ina sentimita mia na hamsini.
Nikapiga hesabu zingehitajika ngapi,
nikafika milioni saba na nusu,
nikaweka kalamu chini, nikachemsha maji.

Kilichonishinda ni saa.
Yasna alinisomea tiketi kwa simu:
anaondoka Jumamosi, saa saba kasoro dakika kumi mchana,
anakaa angani saa kumi na mbili na nusu,
anatua Pudahuel Jumamosi hiyohiyo,
saa tano na dakika ishirini asubuhi.
"Soma tena."
Akasoma.
"Yaani unafika kabla hujaondoka."
"Ndiyo, mama."
"Na hizo saa kazichukua nani?"
"Hakuna. Nimekopeshwa tu. Wakati wa kurudi nitalipa:
nitapanda Jumapili, nitashuka Jumatatu jioni."
Na riba juu, maana kurudi ni saa kumi na nne,
upepo ukiwa usoni.

Gauni nilikuwa nimelikata tangu mwezi wa tatu,
kwa vipimo alivyonitumia mwenyewe:
kifua themanini na nane, kiuno sabini na moja.
Nilimshonea mtu wa namba.
Usiku nililivalisha sanamu la mbao
nikazima taa haraka.

Pudahuel, kando yangu, alisimama mzee Heriberto,
naye anamngoja mwana, ana puto la fedha mkononi.
Akatazama saa yake, akasema,
"Kule walikotoka sasa hivi ni Jumapili, usiku wa manane."
Nikajibu, basi tunapokea watu wa jana.
"Au sisi ndio wa jana," akasema,
na mlango ukafunguka.

Alikuwa na mkunjo wa mto shavuni.
Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesahau
kwamba ananizidi kimo.

Nyumbani zipu ilipanda vizuri hadi kiunoni,
ikagoma.
Nikavuta. Nikatema pini kinywani, nikavuta tena.
Yasna alikuwa anatazama kioo, hanitazami mimi.
"Acha, mama. Usilivute."
Nikachukua futi kamba, nikamzungushia:
sabini na tisa.
"Wiki ya kumi na sita," akasema.
"Sikutaka lipite kwenye simu."

Kilomita zilikuwa sawa. Saa zilikuwa sawa.
Hata rubani alitua dakika nne kabla.

Akalala palepale kwenye kochi, viatu miguuni;
jua letu la saa tisa mchana,
mwili wake bado uko alfajiri ya kesho.
Mimi nikageuza gauni ndani nje.
Kila mshono huwa nauachia akiba, tabia ya marehemu mama,
aliyekuwa akisema kitambaa kilichokatwa hakirudi.
Nikafumua ubavu wa kushoto, kisha wa kulia,
polepole, nisimwamshe yeyote,
wala huyo wa pili, msafiri asiye na tiketi,
ambaye hajazaliwa
na tayari ameishi asubuhi ya Jumamosi mara mbili.

Kisha nikafungua daftari la vipimo,
nikaandika sabini na tisa.
Safari hii kwa penseli.